Mashine ya boti inayozima unapoongeza resi

SWALI: Ndugu Mshauri wa Ufundi, pokea salamu kutoka Mtera. Mimi ni mvuvi wa upande wa Dodoma wa bwawa, na ninatumia mashine ya boti inayotumia petroli iliyochanganywa oili, yenye nguvu za farasi 15 na silinda mbili, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Asubuhi inawaka bila kusumbua, inaunguruma vizuri, na nikitoka ufukoni taratibu haina tatizo lolote. Lakini kila ninapoongeza resi ili boti ishike mwendo, mashine inafifia, inakohoa kidogo, kisha inazima. Nikisubiri kwa muda inawaka tena kama kwamba haikuwa na ugonjwa. Fundi wa hapa amebadilisha plagi na kusafisha kabureta mara mbili, na sasa ananishauri ninunue kabureta mpya. Kabla sijatoa fedha hiyo, naomba ushauri wako.
Mvuvi, Mtera

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kabureta kwanza. Barua yako ina dalili mbili ambazo fundi wako hakuzipa uzito unaostahili, nazo ni kwamba mashine inafifia kabla ya kuzima, na kwamba ukiisubiri kidogo inawaka tena. Chini ya kabureta kuna kikombe kidogo kinachotunza akiba ya mafuta. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani imewaka bila kuongezewa resi, inakunywa kidogo sana, kwa hiyo hata mafuta yanayofika kwa shida yanatosha kukijaza kikombe hicho. Ukiongeza resi, mashine ya farasi 15 inaweza kutaka lita sita au zaidi kwa saa. Kikombe kinakauka upesi kuliko kinavyojazwa, injini inafifia kwa kukosa mafuta, inazima. Unaposubiri, mafuta yanadondoka taratibu hadi kikombe kinajaa, nawe unadhani imepona. Kabureta iliyosafishwa mara mbili na bado ikaonyesha dalili zilezile mara nyingi haina hatia, na kosa liko nyuma yake, katika njia ya mafuta kutoka kwenye tanki.

Dhana hiyo inaweza kupimwa bila kufungua hata skrubu moja, na ningependa uipime kabla ya jambo lingine lolote. Toka asubuhi kabla upepo haujaanza, usiende mbali na ufuko, na uwe na mwenzako ndani ya boti. Vaeni majaketi okozi, mchukue makasia, na kamba ya kuzimia mashine ifungwe kwa anayeshika usukani, kwa sababu mnakwenda kuifanya mashine izime kwa makusudi. Wewe ongeza resi kama kawaida. Mara tu mashine inapoanza kufifia, mwenzako aibinye kwa nguvu, tena na tena, ile pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira wa mafuta. Injini ikizinduka na kuendelea kuvuta kwa muda wote anaobinya, umepata jibu: kabureta inapokea na kutumia mafuta vizuri, lakini mafuta hayaifikii kwa kiasi kinachotakiwa. Ikiwa kubinya hakubadilishi chochote, nitaeleza hapa chini pa kuelekea.

Wakati wa jaribio hilo, mwenzako aitazame pampu yenyewe na kuisikia mkononi, maana inasema mengi kuliko watu wengi wanavyodhani. Pampu nzima, ikibinywa kabla ya kuwasha huku mshale wake ukielekea kwenye mashine na upande wa kutokea mafuta ukiwa umeinuliwa juu, hukaza na kuwa ngumu. Pampu inayobaki laini hata ikibinywa mara nyingi ama inavuta hewa mahali fulani, ama vali zake za ndani zimechoka. Na pampu inayonywea, kuta zake zikakaribiana huku mashine ikiwa inakwenda, inakuambia kwamba kuna kizuizi kati yake na tanki: injini inavuta, nyuma hakuna kinachokuja.

Kizuizi cha namna hiyo mara nyingi ni jambo dogo kiasi cha kumchukiza mtu aliyekwisha kulipa fundi. Kifuniko cha tanki kina skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Ikiwa imefungwa, au tundu lake limezibwa na matope na magamba ya samaki, tanki linajenga mvuto wa ndani na mafuta yanagoma kutoka. Ilegeze, na kama huna hakika, jaribu kuendesha kwa dakika chache kifuniko kikiwa kimelegezwa, mradi pasiwe na sigara wala moto karibu na maji yasiingie. Pale mrija wa kunyonyea unapoishia ndani ya tanki kuna chujio la wavu laini, na hilo nalo huziba. Wengi hulisahau kabisa kwa sababu halionekani bila kufungua kiungio kilicho juu ya tanki. Chujio la pili liko chini ya kofia ya mashine. Likiwa la plastiki angavu utauona uchafu kwa macho, na utaona pia kama linajaa mafuta au linabaki nusu tupu wakati injini inakwenda.

Upande wa hewa unahitaji uvumilivu zaidi. Mpira wa mafuta uliopasuka kidogo hauvujishi petroli, kwa kuwa injini ikifanya kazi sehemu hiyo huwa inavutwa na si kusukumwa. Badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia, kama mrija wa soda wenye ufa unaokupa mapovu badala ya kinywaji. Kwa hiyo usitafute petroli iliyodondoka tu. Upinde mpira karibu na viungio vyake vyote, hasa pale unapochomekwa kwenye tanki na kwenye mashine, utafute nyufa zinazofunguka unapoupinda. Jua la Mtera halina huruma kwa mpira unaoachwa sitahani mwaka mzima. Kagua ringi ndogo za mpira zilizo ndani ya viungio. Zikiwa zimekauka au kulika, badilisha. Ukipata kipande kifupi cha mpira angavu usioharibiwa na petroli, kifunge kwa muda kati ya mpira wa zamani na mashine, kisha uangalie: mafuta yanayopita yakiwa na mapovu mfululizo, hewa inaingia nyuma ya hapo.

Ikiwa njia yote ni safi na bado kubinya kwa mkono ndiko kunakoiponya, mshukiwa anayebaki ni pampu ya mafuta iliyo kwenye mashine. Katika injini za aina yako pampu hiyo haina mota wala ukanda. Ina kiwambo chembamba kinachotikiswa na msukumo na mvuto wa hewa ya ndani ya injini pistoni inapopanda na kushuka. Kiwambo kikipoteza unyumbufu, kinasukuma mafuta ya kutosha sailensa tu. Kikitoboka, petroli mbichi hunyonywa moja kwa moja ndani ya injini na kulowesha plagi ya silinda moja, na mashine inatetemeka na kutoa moshi mwingi. Kiwambo na vali zake huuzwa kama seti, na kazi yenyewe ni ya skrubu chache. Kwa jinsi ulivyoeleza, fedha uliyokuwa ukiitengea kabureta ningeielekeza kwanza kwenye mpira mpya wa mafuta wenye pampu yake ya mkono na seti hiyo ya kiwambo, kwa kuwa mashine yako ilinunuliwa mkononi na huenda vitu hivyo havijawahi kubadilishwa.

Sasa tuseme kubinya hakukusaidia. Rudia mwendo uleule, na mashine inapoanza kufifia vuta choki, yaani kizuizi cha hewa cha kabureta, kidogo, nusu yake hivi. Ikipata nguvu, basi ndani ya kabureta yenyewe hewa imezidi mafuta, na jeti kuu, yaani kipande chenye tundu linalopima mafuta ya mwendo mkubwa, imeziba japokuwa jeti ndogo ya sailensa iko wazi. Hapo kabureta inastahili kufunguliwa tena, lakini na mtu anayejua anachotafuta. Kupuliza nje na kufuta kikombe si kusafisha. Jeti lazima zitolewe, zitazamwe dhidi ya mwanga hadi tundu lionekane duara kamili, zisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona likifanywa na mafundi wenye nia njema: usipitishe waya wa chuma ndani ya jeti. Shaba ni laini, tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo mchanganyiko hautakaa sawa tena. Urefu wa flota, yaani boya dogo linaloelea ndani ya kikombe na kufunga mafuta kikijaa, nao upimwe kwa mujibu wa kitabu cha mashine, kwani flota iliyokaa chini kuliko inavyotakiwa hufunga mafuta mapema na kukiacha kikombe na akiba pungufu. Kama choki inaizidishia ugonjwa, basi mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu.

Kabla hujafika kwenye cheche, chunguza petroli yenyewe. Tangu mwaka 2010 mafuta yanayouzwa nchini huwekewa vinasaba ili kubaini uchakachuaji, lakini kinasaba hakiwezi kukulinda dhidi ya yanayotokea baada ya petroli kutoka kituoni, inapomiminwa kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula au yaliyosuuzwa kwa maji ya bwawa. Chukua petroli ambayo haijachanganywa oili, itie kwenye chupa angavu iliyo kavu, uifunge na kuiacha itulie usiku kucha mahali penye ubaridi, mbali na jiko. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo utayaona chini yakiwa yamejikusanya kama shanga. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka pasipo kuacha alama ya maana, ilhali iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Maji machache yaliyotulia chini ya tanki huendana sana na hali yako, kwa sababu boti inapoinua pua wakati wa kuongeza mwendo, kilicho chini hukimbilia nyuma na kinaweza kufika kwenye mdomo wa mrija.

Oili nayo izingatiwe. Mashine nyingi za namna hii, zikishazoea kazi, hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Wapo wanaoongeza oili wakiamini wanailinda injini. Kila tone la oili lililozidi limechukua nafasi ya petroli katika jeti, kwa hiyo kiasi cha petroli kinachofika kwenye silinda kinapungua, plagi zinachafuka, na mashine inakuwa nzito kuitika. Pima kwa chombo chenye alama, usikadirie kwa kifuniko cha chupa.

Hitilafu ya umeme ina tabia yake. Injini inayokosa mafuta hufifia. Inayokosa cheche mara nyingi hukatika ghafla kama taa iliyozimwa kwenye swichi. Wewe umeandika kwamba inafifia, ndiyo maana nimeliweka hili nyuma. Hata hivyo, kuna kosa moja la umeme linaloendana kabisa na mkono wa resi, na mafundi wengi hulipita. Katika mashine nyingi ndogo, chini ya gurudumu la juu lenye sumaku kuna bamba linalozungushwa kidogo kila unapoongeza resi ili cheche itangulie. Nyaya zinazotoka kwenye bamba hilo hupindwa na kunyooshwa maelfu ya mara, hadi nyuzi za shaba zinakatika ndani ilhali ganda la nje ni zima. Kwenye sailensa ncha zinagusana. Ukiongeza resi bamba linazunguka, ncha zinaachana, cheche inakufa. Mashine ikiwa imezimwa, zungusha mshikio wa resi taratibu na utazame nyaya hizo zinavyokwenda. Ipo pia mashine inayokwenda vizuri hadi ipate moto ndipo ikatike, na hiyo kwa kawaida ni koili inayokufa kwa joto. Unapopima cheche, plagi iguswe vizuri kwenye chuma cha injini na iwe mbali na tundu la silinda. Usiache waya wa plagi ukining'inia huku ukivuta kamba, kwa maana unaweza kuunguza kisanduku cha umeme, nacho ni ghali kuliko kabureta.

Baada ya mwendo wenye mzigo, zima papo hapo, fungua plagi zote mbili na uziweke juu ya kitambaa cheupe zikiwa kwa mpangilio wa silinda zake. Porselini yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya mchomo mzuri. Nyeupe kavu, iliyochomeka, inaonyesha mafuta pungufu, na mashine ikiendeshwa hivyo kwa muda pistoni inaweza kutoboka. Nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi. Moja ikiwa kahawia na nyingine imelowa, silinda moja haifanyi kazi, na hapo, mradi kiwambo cha pampu hakijatoboka, tatizo si njia ya mafuta inayotumiwa na silinda zote mbili. Pima cheche na kompresheni ya kila silinda.

Mwisho kwako, na si kwa umuhimu mdogo, tazama propela. Mtera ina miti mingi iliyokufa ikiwa imesimama majini, na maji yanapopungua visiki vinakaribia uso. Uzi wa nyavu uliojisokota nyuma ya propela, au bawa lililopinda, unaizuia mashine kupanda mwendo, na mtu juu anadhani injini imekosa nguvu. Fungua propela uone ekseli yake. Uzi ukiwa umefika kwenye sili ya mafuta ya gia, ibadilishe sili hiyo kabla maji hayajaingia kwenye gia.

SWALI: Mimi nipo Singida. Nilinunua mashine kutoka Bagamoyo, ambako mwenye nayo aliijaribu baharini mbele yangu ikavuta vizuri sana. Huku katika ziwa Singidani inatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa na masizi, na nikiongeza resi ghafla inataka kuzima, ila nikiongeza taratibu inakubali. Je, nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Singida

JIBU: Huenda hukuuziwa mbovu. Bagamoyo iko usawa wa bahari, na Singida iko karibu mita 1,500 juu yake, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta haijui kwamba imehamishwa: inaendelea kutoa petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua, kwa hiyo mafuta yanazidi, moshi unakuwa mweusi na plagi zinashika masizi. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na kwa mwinuko wako hasara hiyo inafika kama asilimia 15. Propela iliyoifaa mashine hiyo pwani sasa ni mzigo mkubwa kwake.

Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja. Mwombe muuzaji wa vipuri jeti kuu ndogo kuliko iliyopo kwa hatua moja, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji, kisha utafute propela ya mkao mlalo zaidi, inayosogeza boti hatua fupi kwa kila mzunguko. Ukipunguza jeti, soma plagi kama nilivyomweleza ndugu wa Mtera, na zikianza kuwa nyeupe rudi nyuma mara moja. Siku utakapoiuza mashine hiyo pwani, mkabidhi mnunuzi jeti ya zamani, maana jeti ya Singida ikitumika usawa wa bahari inaweza kuunguza pistoni. Kwa Mtera, ambako bwawa likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, hasara ni kama asilimia saba, na peke yake haitoshi kuizima mashine nzima. Ndiyo maana sikuitaja katika jibu la kwanza.

Na kwa kuwa maji ya Singidani yana chumvi, kila jioni isuuze mashine kwa maji baridi ya bomba, ikiwa imewaka ndani ya pipa lililojaa kupita usawa wa tundu la kuvutia maji.

SWALI: Mashine yangu hapa kwenye bwawa la Hombolo ilikuwa ikizima ninapoingiza gia na kuongeza resi. Fundi amepandisha sailensa na sasa haizimi tena. Je, tatizo limekwisha?
Msomaji, Hombolo

JIBU: Halijakwisha, limefunikwa, na umepata lingine. Sailensa iliyopandishwa inafanya gia iingie kwa kishindo, na meno ya kiunganishi cha gia yanamenyeka kila unapoanza safari. Vilevile boti inaruka mbele kabla hujajiandaa, jambo la hatari kwa aliyesimama au anayepanda akitokea majini. Mashine inayozima inapoingizwa gia mara nyingi ina jeti ndogo ya sailensa iliyoziba, au skrubu ya mchanganyiko iliyokazwa kupita kiasi. Mrudie fundi wako, aisafishe jeti hiyo, kisha mashine ikiwa imepata moto na iko majini aifungue skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa wakati mmoja, akiacha sekunde kadhaa kati ya kila hatua ili injini itulie. Injini ikishaunguruma sawasawa, ashushe sailensa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, aijaribu gia ya mbele na ya nyuma boti ikiwa imefungwa gatini kwa kamba mbili, ndipo aongeze resi.